Samaki Wanaonyima Watoto Wao Maji

Matildah, mutoto wa mudogo wangu, alipewa sauti ambayo Mungu alikuwa amemutengenezea kiboko. Akiita kuku wake hapa Nchelenge, kuku wa Kisiwa cha Kilwa, kile cha katikati ya ziwa letu, walikuwa wanaingia majini na kuogelea kuja. Niliona wawili wakifika, wamelowa mpaka kwenye mifupa. Wa tatu alikamatwa na mamba njiani, na juu ya huyo sitaongeza neno, nisije nikaitwa muongo.

Ni sauti hiyo iliyomuingiza kwenye kampuni ya Patron Sébastien, mwaka wa sabini na tano. Lakini Matildah hakuifuata kazi ile juu ya mushahara tu. Alikuwa na neno moja moyoni, na neno hilo lilitoka kwa Mubanga.

Mubanga alikuwa mutoto wake wa mwisho, miaka miwili, kichwa kikubwa, mwenye kucheka na kila mutu. Alihara siku tatu. Sisi wamama wakubwa tulijua ujuzi wetu: mutoto anayehara ni mutumbwi unaovuja, na nani anamwaga maji ndani ya mutumbwi unaovuja? Tukamunyima maji ili tumbo likauke. Alikuwa analia, “Menshi, menshi,” ndiyo maji kwa Kibemba, na midomo yake imepasuka. Mimi mwenyewe nilichukua kikombe chake, kile cha bati chenye ua jekundu, nikakificha ndani ya kinu ili asikione akazidi kulia. Siku ya nne akanyamaza.

Tulipofika hospitali tumemubeba, muuguzi alimuangalia, akavuta ngozi ya tumbo kwa vidole viwili, ikabaki imesimama. Akasema, “Huyu amekufa na kiu.” Kiu! Na sisi tunakaa kando ya ziwa ambalo ukisimama huku huoni ng'ambo.

Tangu siku ile Matildah alitaka jambo moja tu hapa duniani: kila mama wa ufuko huu, na zaidi wale wa kijiji cha Kabuta ambako watoto walikuwa wanahara kila mvua ikianza, asikie kwamba mutoto anayehara anapewa maji. Watu waliendelea kumuita Bana Mubanga, mama ya Mubanga, kama desturi yetu inavyotaka. Kila salamu ilikuwa sindano. Aliitika tu.

Sasa kampuni. Ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la chumvi na sabuni, nacho kiliitwa biro, ndiyo ofisi. Mulangoni kulikuwa na kibao: SÉBASTIEN NA WANA, MATANGAZO YA AFYA. Wana wenyewe hakuwa nao hata mumoja. Patron, ndivyo Wakongo wanavyoita mukubwa wa kazi, alikuwa mutu wa Likasi kule Congo, alivuka ziwa na sanduku la vitabu na suti mbili, na watengeneza dawa wa kule Copperbelt, kwenye migodi, walimupa kazi ya kutangaza vitu vyao huku: vidonge vya malaria, mafuta ya kifua, na ule unga mupya wa kwenye vifuko, wenye chumvi na sukari, wa kuchanganya na maji kwa mutoto anayehara. Alikuwa na wafanyakazi watatu. Clémentine, binti wa Pweto, alipiga mashine ya kuandika kwa vidole viwili. Kapembwa aliendesha Landrova. Matildah alishika kipaza sauti, kwa sababu watu walisema hata betri ikifa yeye hafi.

Watu wanne, lakini kila asubuhi saa mbili ilikuwa lazima réunion, ndiyo mukutano wa wafanyakazi. Patron alipanda juu ya kasha la sabuni ili awe mukubwa, akasoma majina.

“Clémentine.”

“Niko hapa, Patron, unaniona.”

“Jibu kama kwenye biro. Kapembwa.”

“Présent.”

“Madame Matildah.”

“Patron, jua linapanda. Kabuta ni mbali.”

“Jibu kwanza uko ama hauko.”

Mutu anayemuuliza Matildah kama yuko, na sauti yake imeshatetemesha bati za paa! Saa moja nzima iliisha hivyo. Halafu Patron aligawa karatasi, na sheria ya karatasi ilikuwa kama ya kanisa: soma iliyoandikwa, usiongeze, usipunguze. Ukimaliza, hesabu vichwa vya waliobaki mpaka mwisho, andika kwenye fomu. Fomu ndiyo ilipelekwa kwa watu wa dawa.

Na karatasi ile, mayo, mama yangu! Sikiliza nilivyoisikia kwa masikio yangu pale Kabuta, siku ya kwanza, nilipokuwa nimeenda kununua samaki wakavu: “Waheshimiwa wakaaji, kampuni yetu inayo furaha ya kuwaletea bidhaa ya kisasa kwa ajili ya hali fulani zinazoweza kuwatokea wadogo wetu.” Hali fulani! Mwanamuke mumoja aliniuliza kama ni sensa. Mwingine alisema pengine wanatafuta watoto wa kupeleka shule. Patron hakutaka neno kuhara litoke kwenye chombo chake. Alisema kampuni yenye kibao haiwezi kusema mavi. Basi wamama walipewa vifuko vya bure, wakaonja, wakakuta chumvi na sukari, wakatia ndani ya chai. Bibi mumoja alitia kwenye sombe, mboga ya majani ya muhogo, akasema dawa ya wazungu ni tamu lakini haishibishi.

Matildah alirudi siku hiyo amefura kama chura. “Mama mukubwa,” akaniambia, “nimesimama na chuma kinachoweza kusikika mpaka Congo, na nimesema upepo.”

Safari ya pili hakuvumilia. Alisoma mustari wa kwanza, akaikunja karatasi, akasema wazi: “Mutoto wako akihara, mupe maji!”

Nilimuonya, lakini alikuwa na haraka. Ufuko wa Kabuta mchana si mahali pa neno kama lile. Saa ile mitumbwi imerudi, wanaume wanashusha samaki, wanawake wanapokea, na kila mutu amesimama na mukwe wake mahali fulani kwenye umati. Huku kwetu mwanaume hamuangalii mama mukwe usoni, hali naye, hata njia moja hawapiti. Sasa awe amesimama hatua kumi kutoka kwake, halafu chuma kilie juu ya vichwa vyao, “kuhara!” Mayo we! Wamama walijifunika vikwembe, vitenge vyao, usoni wakakimbia kulia, wanaume wakakimbia kushoto, waliokosa kushoto wakaruka majini na nguo zao. Kuna mumoja alijifunika kwa mutumbwi wake juu chini, akakaa humo mpaka kesho yake. Binamu yake alikuwa anamupitishia bukari, ugali wetu, kwa chini. Matildah alihesabu vichwa: mbwa mumoja, na Kapembwa.

Aliandika ukweli kwenye fomu, Kapembwa akimuongoza mukono. Mumoja, na mbwa.

Asubuhi alikuta juu ya kiti chake karatasi yenye muhuri. Wakongo wanaiita demande d'explication. Ni hivi: mukubwa wako anakaa mbele yako, anakuona, ana mudomo, lakini hakuulizi. Anakuandikia barua ueleze kwa barua juu ya nini ulifanya ulichofanya, na wewe unamujibu kwa barua, na kiti chako na chake vinakaribia kugusana. Matildah kusoma alijua kidogo, kuandika karibu hakuna. Clémentine akasoma barua ya Patron, akaandika jibu la Matildah, akalipokea mwenyewe, akalipiga muhuri, akalipeleka hatua tatu.

“Niandike nini?” Clémentine aliuliza.

“Andika kwamba watoto wanakufa.”

“Hiyo si maelezo, mama. Anataka kujua karatasi ulikunja mara ngapi.”

“Andika mara mbili.”

Ndivyo ilivyokuwa. Siku za kampuni ile ziliisha kwa kueleza siku zilizopita. Hata hivyo Matildah hakukata tamaa mara moja. Kwenye réunion alisimama.

“Patron, nimefikiri. Twende Kabuta saa kumi na mbili ya asubuhi. Wanaume wako kwenye maji wanatoa nyavu. Wamama wako peke yao kwenye muchanga. Nitasema neno lenyewe na hakuna mukwe wa kusikia.”

“Saa kumi na mbili biro imefungwa,” Patron akasema.

“Lakini biro haina kazi, Patron. Kazi iko Kabuta.”

“Madame Matildah,” akashuka kwenye kasha ili aseme hilo kwa uchungu, “biro ndiyo kazi.”

Kapembwa aliangalia funguo zake. Clémentine aliangalia vidole vyake viwili.

Mvua ya kwanza ikanyesha. Kabuta walizika watoto wawili kwa wiki moja. Matildah alikuwa anasikia habari sokoni, anarudi nyumbani, anapiga mihogo kwenye kinu mpaka unga unakuwa moshi. Alikuwa anapiga kinu kile kile nilichofichia kikombe. Mimi nilikuwa nakaa upande mwingine wa nyumba.

Halafu akafa muzee Katongo wa Kabuta, kaka ya mama mumoja wa pale, jina lake Kafula. Hao ni wa ukoo wa Samaki. Sisi, mimi na Matildah, ni wa ukoo wa Mamba, na mamba anakula samaki, kwa hiyo sisi ni watani wao. Kwetu mutani hana haya. Musiba wa Samaki ukitokea, Mamba ndiye anayekuja kuchota maji, kupika, na kutukana maiti ili wenye kulia wapumue. Anasema chochote, na anayekasirika ndiye anayelipa. Kazi hiyo naipenda kuliko kula.

Nilifika nikamukuta marehemu amelala kimya. Nikamuambia, “Wewe Katongo, amka! Umekufa juu ya uvivu wa kuvuta nyavu! Na usijifanye mutakatifu, ni mimi niliyekuona mwaka ule ulipokula sombe ya juzi, ukakimbilia majani mara tisa, ya kumi hukufika!” Katongo mwenyewe, naapa, kona ya mudomo ilicheka. Watu walilia machozi ya kucheka. Kule mama mukwe wa mutoto wa Katongo alijipiga mapaja. Huku mukwe mwenyewe alishika muti asianguke. Kila mumoja alimusikia mwenziwe anacheka, na hakuna aliyekimbia.

Matildah alinivuta mukono mpaka kikwembe changu kikalegea.

“Mama mukubwa, umeona?”

“Nimeona nini? Niachie nguo.”

“Umesema mambo ya kuhara mbele ya wakwe. Hakuna aliyeruka majini.”

“Nani ataruka? Miye ni mamba, nasema chakula changu.”

Aliachia kikwembe changu. Halafu akasema, “Kabuta karibu wote ni Samaki.”

Alimuomba Patron ruhusa, maana alikuwa mutu wa adabu bado. Patron akajibu, “Utani haumo kwenye karatasi.” Hapo akaacha kuomba.

Wiki iliyofuata ikaja habari kwamba watu wa dawa wenyewe watakuja kusikiliza tangazo, na Patron akachagua Kabuta, siku ya alhamisi. Kwa ajili yao karatasi iliongezwa ikawa kurasa nne. Patron alivaa suti zote mbili, koti la moja na suruali ya nyingine. Wageni walikuwa wawili: mumoja mweusi, murefu, mwenye miwani, na muzungu mumoja mwenye daftari na pua iliyokwisha kuungua. Umati ulikuwa mukubwa, maana Kapembwa alikuwa ameeneza habari kwamba kuna muzungu anayeungua.

Matildah akapanda juu ya Landrova. Mimi nilikuwa chini na ndoo ya maji yaliyochemshwa na kupozwa, na chupa tatu tupu za bia. Akachukua zile kurasa nne, akazikalia. Akashika chombo.

“Ninyi Samaki!”

Vichwa vikageuka.

“Ninyi Samaki wa Kabuta, chakula chetu! Leo Mamba ana njaa!”

Kicheko kikatoka nyuma, mahali wanawake walipokuwa wanapanga samaki. Mama Kafula akajitokeza, mukono kiunoni, musiba wake bado haujafika mwezi. “Mamba gani wewe? Nimeona mijusi minono kuliko wewe! Shuka tukukaange!”

“Nishuke? Nikishuka nitawameza wote, nikuache wewe Kafula, una miba mingi!”

“Eee! Bora miba kuliko meno ya kunuka!”

“Sikiliza, mama ya miba! Nimetembea dunia nzima, nimeona maajabu. Nimeona tembo kwenye kichaka, nimeona treni. Lakini sijaona ajabu kama Samaki wa Kabuta. Samaki anaishi wapi?”

“Majini!” watu wakajibu.

“Anazaliwa wapi?”

“Majini!”

“Na mutoto wake akihara, anamufanya nini? Anamunyima maji! Samaki anamunyima samaki maji! Mumesikia wapi? Hata sisi Mamba tunaokula watoto wenu, tunawakula ndani ya maji, hatuwakaushi kwanza!”

Mama mukwe alicheka. Mukwe alicheka. Wanaume waliacha nyavu. Neno lenyewe, kuhara, alilisema mara ishirini, akieleza nani alihara wapi na alikimbia namna gani, na kila likitoka watu walisogea karibu zaidi, hakuna aliyejifunika. Na katikati ya matusi akanipa ishara, nikajaza maji, akapasua kifuko mbele yao. “Kifuko kimoja, chupa tatu za bia, za maji lakini, si za bia, ninyi walevi! Maji yachemshwe kwanza. Mupe kidogo kidogo, kijiko, kijiko. Akitapika, ngoja kidogo, mupe tena. Na kifuko kikikosa, usikae na mikono, mupe maji, umunyonyeshe! Anayemunyima mutoto wake maji, Mamba atakuja kumutafuta nyumbani!”

“Mamba hatuna hofu naye!” Kafula alipiga kelele. “Leteni hicho kifuko tuone!”

Halafu Matildah alishusha chombo. Nilikuwa chini yake, niliona. Alisema, bila kipaza sauti, “Wangu nilimunyima.” Wachache tu walisikia. Halafu akakinyanyua tena chombo akaanza kumutukana Kafula miguu.

Mia tatu na kumi na mbili, vichwa vilivyobaki mpaka mwisho. Alihesabu Clémentine, na Clémentine haongezi, hana kipaji hicho.

Wageni walimuendea nani? Walimuendea Patron. Muzungu alimutikisa mukono mpaka koti likatoka begani. “Mbinu nzuri sana,” yule wa miwani akatafsiri. “Umetumia desturi ya watu. Umefikiria muda gani?”

Patron akavuta pumzi. “Miaka,” akasema.

Matildah alikuwa bado juu ya gari, anashuka, anatafuta mahali pa kuweka mguu. Alisikia. Hakuna aliyemupa mukono wa kushukia ila Kapembwa.

Kesho yake, sitasema uongo, alikuta barua mbili kwenye kiti. Ya kwanza: demande d'explication, kwa nini alikalia karatasi ya kampuni, na kwa nini alitoa matusi kumi na saba yasiyoidhinishwa. Ya pili: amuelezee Clémentine matusi yale yote kumi na saba, yapigwe mashine, yawe tangazo rasmi.

“Patron,” Matildah akasema, “haya si ya kusoma. Ni ya Mamba kwa Samaki. Mutu mwingine akiyasema ni matusi tu.”

“Yakiandikwa ni ya kampuni.”

“Kampuni ni ya ukoo gani?”

“Kampuni haina ukoo, Madame. Ni ya kisasa.”

“Basi usiende nayo Mwansabombwe.”

Akaenda nayo Mwansabombwe, muji wa soko kusini kwetu, wenye watu wa koo zote. Akaenda mwenyewe, suti, miwani aliyonunua baada ya kuona ya mugeni. Matildah alibakizwa biro ajibu barua ya kwanza. Mimi sikuwepo, Kapembwa ndiye aliyenieleza, na mimi nimetia chumvi kidogo tu, ya kuhifadhi.

Patron alisimama sokoni, penye watu wengi, akasoma kwa sauti ya réunion: “Ninyi Samaki. Chakula chetu. Leo Mamba ana njaa. Muone ukurasa wa pili.”

Muzee mumoja muuza samaki akaweka kisu chini. “Chakula cha nani?”

“Chetu,” Patron akasoma tena mahali pale pale.

“Wewe ni Mamba?”

“Mimi ni directeur.”

“Nimekuuliza mama yako ni wa ukoo gani.”

Patron alitafuta jibu kwenye karatasi, halikuwemo. Na badala ya kunyamaza, akaendelea na ukurasa wa pili, penye kukimbilia majani, mbele ya wakwe wa watu, mbele ya mwanamuke mumoja aliyekuwa amemuzika mutoto wake jumapili. Basi. Matumbo ya samaki yalianza kuruka. Kapembwa anasema yalifunika jua. Kwanza walimupiga nayo, halafu walimukamata kwa adabu, wakamukalisha, wakamutoza mbuzi wawili na kuku sita, kama inavyotozwa mutu anayetukana bila utani. Kapembwa hawakumugusa, yeye alijibu ukoo wake haraka. Landrova ilinuka mpaka pasaka. Paka walikuwa wanaifuata barabarani kama mazishi.

Nani alilipa? Siku ya tatu barua ya Matildah ilikuwa moja tu, na haikutaka maelezo. Aliachishwa kazi kwa sababu ya lugha chafu. Clémentine aliipiga mashine analia, akakosea, akairudia, maana Patron hakubali barua yenye makosa. Ukutani, juu ya kasha la sabuni, Patron alitundika ile barua ya sifa ya watu wa dawa, ndani ya kioo. Ina jina lake. Matildah alisimama akaiangalia, akauliza Clémentine, “Hapa wamesema nini?” Clémentine akamusomea yote. Matildah akasema, “Sawa,” akafunga mulango kwa namna ambayo chumvi ya dukani ilimwagika.

Na karatasi ya zamani ikarudi. Hali fulani, wadogo wetu. Patron alimuchukua muke wa muchungaji asome, sauti yake kama mbu ndani ya chupa.

Nilifikiri Matildah atakaa. Hakukaa. Jumamosi ya kwanza alinigongea saa kumi na moja na nusu, nje bado giza kidogo. “Mama mukubwa, tunaenda Kabuta. Nahitaji kitu cha kupimia. Kikombe.”

Nilikuwa nacho. Miezi kumi na minne nilikuwa nacho, tangu nilipokitoa kwenye kinu, chini ya godoro, kimefungwa kitambaa. Nilikitoa nikamupa. Ua jekundu lilikuwa limefutika upande mumoja. Alikiangalia muda murefu, akakigeuza, akapitisha kidole kwenye mudomo wa kikombe. Hakuniuliza kilikuwa wapi. Ningemuambia uongo gani? Mimi ambaye najua uongo wa kila namna, sikupata hata mumoja. Tulitembea mpaka Kabuta, kikombe mukononi mwake.

Alisimama kwenye muchanga bila gari, bila chuma, akawatukana Samaki kwa mudomo wake mwenyewe, na mimi nikawatukana upande wa pili. Kila jumamosi. Wanawake walikuja, na wa Kilwa pia, wanaoshuka kwenye mitumbwi na samaki wao. Mvua kubwa iliponyesha tena, nilimusikia mwanamuke wa Kilwa anamukemea mwenziwe aliyekuwa na mutoto mulegevu mugongoni: “Umemupa maji? Hujamupa? Wewe ni samaki gani?” Akamunyang'anya mutoto, akamuweka kwangu, na mimi nikamunywesha kijiko, kijiko, kwenye kile kikombe. Alifumba macho, akafumbua, akakojoa juu ya kikwembe changu. Sijawahi kukojolewa nikafurahi hivyo.

Lakini usifikiri Matildah alifurahi. Jumamosi ile ile, Landrova ilifika. Patron alikuwa amegundua kwamba jumamosi pale kuna watu, na fomu inahitaji vichwa. Wakasimamisha gari hatua ishirini kutoka kwetu, chuma kikaanza na sauti ya mbu ya muke wa muchungaji: “Waheshimiwa wakaaji, kampuni yetu inayo furaha...” Na Matildah yuko katikati ya kueleza chupa tatu za bia. Akapandisha sauti. Patron akapandisha chombo. Wamama wakawa wanageuza vichwa huku na huku, hawasikii la huyu wala la yule. Mishipa ya shingo ya Matildah ilisimama kama kamba za nyavu.

“Sébastien!” akamuita kwa jina, bila Patron, bila kitu. “Niachie dakika tano! Tano tu, halafu hesabu vichwa vyangu uandike vyako!”

“Madame, uko nje ya kampuni!” Patron akanyakua kipaza sauti akajibu kupitia chuma, na neno kampuni likarudi kutoka ng'ambo ya ziwa.

Hapo Kapembwa akashuka kwenye gari, polepole kama mutu anayeenda kukojoa. Akazunguka nyuma, akafungua kifuniko, akavuta waya. Chuma kikafa. Kapembwa akaangalia mikono yake, akasema, “Betri.”

Matildah hakumushukuru, hakuwa na nafasi. Aligeukia wamama akaendelea mahali alipokatizwa: chupa ya pili.

Jumatatu Kapembwa alikuta karatasi yenye muhuri juu ya kiti chake. Alimuomba Clémentine amuandikie jibu. Clémentine akamuuliza aandike nini.

“Andika betri,” Kapembwa akasema. “Mara mbili.”